Nusu marathoni ya kwanza ya hisani: Oktoba jijini Nairobi, Juni kule Lewa, au kilomita 21 zako mwenyewe ndani ya Msitu wa Karura?

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alinisimamisha kwenye ngazi juzi jioni, baridi ya mwisho wa Juni ikitukaza sote wawili. Mkononi alishika raba mpya, lebo bado inaning'inia. "Dada, mwaka huu lazima nikimbie ile ya kilomita 21, nichangishie watoto wa kile kituo cha Kayole. Nijiandikishe wapi?"

Nilimjibu kwa swali: unataka pesa zifike mikononi mwa nani, na zifike zote au sehemu yake? Alinyamaza kidogo. Hakuwa amelifikiria hilo, na wengi wetu hatulifikirii. Tunachagua mbio kwa sababu mwenzetu wa kazini amejiandikisha, kisha ndipo tunatafuta pa kupeleka mchango. Mimi naona mambo yaanzie upande wa pili. Anayesaidiwa aamue mbio, mbio ziamue miezi ya mazoezi, na miezi ya mazoezi, kwa hali ya hewa yetu ya Nairobi, itaamua kama utafika mwisho ukiwa na magoti yako yote mawili.

Nimemaliza nusu marathoni nne, mbili kati yake nikiwa na ahadi za wachangiaji mgongoni. Kwa mtu anayeanza, njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni mbio kubwa za jijini za mwisho wa Oktoba, Standard Chartered Nairobi Marathon, zilizoanza mwaka 2003. Ya pili ni Lewa Safari Marathon, zinazokimbiwa mwishoni mwa Juni ndani ya hifadhi ya wanyama ya Lewa, Kaunti ya Meru, tangu mwaka 2000. Ya tatu haina jina wala medali: unachagua Jumamosi yako, unakimbia kilomita 21 na watu wachache unaowaamini, na waliokuahidi wanalipa ukimaliza.

Pesa inakwenda wapi

Katika mbio za Oktoba, mwandalizi ndiye ameshaamua nani atasaidiwa. Kwa miaka mingi mbio hizo ziliunga mkono mpango wa Seeing is Believing, wa kuzuia upofu unaoweza kuzuilika. Siku hizi ni Futuremakers, unaolenga kuwainua vijana. Ni kazi njema, na ukiipenda, umemaliza: lipa ada, fanya mazoezi, kimbia. Lakini ada hiyo haitafika Kayole. Anayetaka kusaidia kituo cha mtaani kwake lazima achangishe kando, huku akitumia mbio zile kama uwanja wa kutimizia ahadi. Hilo linawezekana, na wakimbiaji wengi hufanya hivyo. Tatizo ni pale mtu anapowaambia wachangiaji kwamba "nakimbia kwa hisani" bila kufafanua ni hisani ipi, kisha wao wanadhani ada aliyolipa ndiyo mchango.

Lewa ni tofauti, kwa sababu mbio zenyewe ziliundwa kuchangisha. Waandalizi ni hifadhi ya Lewa pamoja na shirika la Tusk, na pesa huenda kwenye ulinzi wa wanyama na kwenye miradi ya jamii, kama shule, maji na afya. Unakimbia ndani ya makao ya vifaru, askari wa wanyamapori wakilinda njia na helikopta ikizunguka juu kuangalia wanyama wako wapi. Nimekimbia pale mara moja, na nilipoona twiga wamesimama pembeni ya njia nilielewa bila kuelezwa pesa zinafanya kazi gani. Ila piga hesabu kwa uaminifu. Lewa ni safari ya saa nne hadi tano kutoka Nairobi. Kuna nauli au mafuta ya gari, kuna hema, kuna chakula cha siku mbili. Ukijumlisha na ukaona gharama inazidi unachotarajia kuchangisha, basi unajipeleka matembezi, na ni haki yako, mradi usimwombe shangazi yako elfu mbili akidhani anamlisha mtoto.

Njia ya tatu ndiyo inayofikisha pesa nyingi zaidi kwa anayesaidiwa, kwa kuwa hakuna ada ya mbio, hakuna safari, hakuna mtu wa katikati. Lakini mzigo wote wa uaminifu unakuwa wako, na hapa nina la kukiri. Mara ya kwanza nilitoa nambari yangu ya simu ichangiwe. Ndani ya wiki mbili michango ilikuwa imechanganyika na pesa za chama, deni alilonirudishia shemeji, na nauli. Kila shilingi ilifika, nilihakikisha, lakini nilikesha usiku mmoja nikipitia taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari. Binamu yangu aliponiuliza kwa upole, "Zimefika ngapi?", sikuweza kumjibu papo hapo. Swali lake lilikuwa halali kabisa. Mtu aliyetoa jasho lake anastahili jibu siku hiyo hiyo.

Tangu hapo natumia nambari ya Paybill ya taasisi yenyewe, yaani nambari yake ya kupokea malipo ya M-Pesa, na kwenye sehemu ya akaunti mchangiaji anaandika neno tulilokubaliana. Ujumbe wa uthibitisho unaoingia kwenye simu yake unabeba jina la taasisi, kwa hiyo mimi sigusi hata senti. Kama taasisi ni ndogo na haina Paybill, kuna majukwaa kama M-Changa, yaliyojengwa hapa Kenya kwa ajili ya harambee za mtandaoni. Yana makato yake, soma masharti kabla ya kuanza. Na ukifikiria kutembeza mikebe sokoni au barabarani, jua kwamba sheria inataka uwe na leseni ya kukusanya michango hadharani.

Namna ya kuomba nayo ina uzito wake. Mimi huomba kwa kilomita. Shilingi 50 kwa kilomita ni 1,050 ukimaliza zote 21. Watu thelathini wa namna hiyo ni 31,500. Uzuri mwingine ni kwamba mtu anayeona haya kutuma mia mbili huona shilingi 10 kwa kilomita ni ahadi yenye heshima, na ni 210 zile zile. Kisha mweleze kitu cha kushikika. Paul Tergat, aliyekuwa bingwa wa mbio ndefu, alikula chakula cha shule cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani alipokuwa mtoto kule Baringo, na tangu 2004 amekuwa balozi wa shirika hilo. Anapoomba chakula cha shuleni, kila mtu anaiona sahani. Mbio za Beyond Zero, alizozianzisha Margaret Kenyatta, mke wa rais wakati huo, mwaka 2014, zilikuwa na nguvu hiyo hiyo: watu waliona magari ya kliniki yakipelekwa kaunti baada ya kaunti kwa ajili ya akina mama na watoto. Ukisema "naomba kwa ajili ya elimu", mchangiaji anaitikia kwa kichwa na kuweka simu mfukoni. Sema "viti viwili vya magurudumu".

Kalenda ni nusu ya mazoezi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae, kwa sababu watu hulinganisha mbio kwa ada na medali, wakasahau kulinganisha miezi.

Anayeanza kutoka chini, yaani anayeweza kukimbia na kutembea kilomita nne au tano bila kuumia, ampe mwili wiki 16. Hesabu kurudi nyuma kutoka mwisho wa Oktoba: unaanza mapema Julai. Julai na Agosti Nairobi ni baridi, mawingu yametanda hadi saa nne asubuhi, na jua halikuchomi. Mbio ndefu za kilomita 12 na 14 zinaangukia Agosti na Septemba, kabla mvua za vuli hazijashika. Kwangu mimi hakuna miezi mizuri zaidi ya kujifunza kukimbia katika jiji hili.

Sasa hesabu kutoka mwisho wa Juni. Unaanza mapema Machi, na masika yanakupokea. Machi, Aprili na Mei njia za udongo zinateleza, matatu zinachelewa kwa foleni ya mvua, unafika nyumbani saa tatu usiku, na saa kumi na moja alfajiri ikilia unasikia mabati yakipigwa. Kisha, baada ya miezi ya kukimbia kwenye ubaridi na tope, unapelekwa kwenye vumbi na jua la Lewa. Mwinuko hautakushangaza, kwani Nairobi iko kati ya mita 1,700 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Lewa iko karibu mita 1,700. Pumzi yako inajua hewa hiyo. Joto ndilo linaloangusha watu. Ukichagua Lewa, hamisha baadhi ya mbio zako za Juni ziwe saa nne asubuhi badala ya alfajiri, ili ngozi izoee.

Njia ya tatu inakupa uhuru wa kuchagua mwezi, na uhuru huo una mtego. Januari na Februari ni kukavu na njia ni nzuri, lakini Januari ni mwezi wa karo, na mzazi aliyetoka kulipa shule hana la kukuahidi hata akikupenda. Mei na mwisho wa Agosti shule zinafunguliwa tena. Nimeona Jumamosi ya mwisho wa Septemba au ya kwanza ya Oktoba ikifaa zaidi: mishahara imeingia, karo imepita, mvua bado. Mbio za jijini, kwa kuangukia mwisho wa mwezi, nazo zinakupa faida hiyo bila wewe kupanga.

Mazoezi yenyewe hayatofautiani sana kati ya njia hizi tatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha: mbili fupi, moja ndefu. Ile ndefu unaiongeza kilomita moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne unaipunguza ili mwili ushone ulipochanika. Kimbia kwa kasi ambayo ungeweza kumsimulia mwenzako habari za nyumbani. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, umepita kasi yako. Ukifika kilomita 17 au 18 wiki tatu kabla ya siku, acha kuongeza. Huhitaji kukimbia 21 nzima mazoezini. Baada ya wiki ya nane, mojawapo ya zile fupi igeuze fatleki, kama ile ya Alhamisi inayofanywa na wakimbiaji wa Iten: dakika moja kwa kasi, dakika moja polepole, mara nane au kumi. Na kutembea si dhambi. Kukimbia dakika tano na kutembea moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kumewafikisha wengi salama.

Maumivu ya ugoko na kano ya kisigino ndiyo yanayowaondoa wanaoanza wakiwa wiki ya tano au ya sita, pumzi imeshapanuka lakini mifupa haijafuata. Ukisikia maumivu yanayozidi unavyoendelea kukimbia, rudi nyumbani. Usimeze dawa ya maumivu ili umalize kilomita. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya moyo katika familia aende kupimwa kabla ya wiki ya kwanza.

Udongo, lami na usalama

Tofauti kubwa ya mazoezi iko chini ya miguu. Mbio za jijini ni lami tupu. Miaka ya karibuni zimekuwa zikikimbiwa upande wa Lang'ata na Southern Bypass, ambako miteremko ni mirefu na hakuna kivuli. Ukifanya mazoezi yote kwenye udongo laini, mapaja yatakulalamikia kuanzia kilomita ya 15. Kwa hiyo mbio ndefu moja kati ya mbili iwe ya lami, hata kama ni kuzunguka barabara za ndani za mtaa wako. Lewa ni barabara ya udongo inayopanda na kushuka, na Karura inakuandaa vizuri kuliko mahali popote jijini.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000, njia nyekundu chini ya miti, makutano yenye nambari ili usipotee, na hakuna matatu wala moshi. Msitu huo ulitangazwa rasmi mwaka 1932, na upo leo kwa sababu watu walisimama mbele ya walioutaka uwe viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa pale alipokwenda na wenzake kupanda miti. Mimi nikipita kwenye kile kivuli nikiwa nachangishia mtu, namkumbuka. Kiingilio cha siku moja si kikubwa, lakini siku tatu kwa wiki kwa miezi minne ni pesa ambayo ingekwenda kwa unayemsaidia. Itunze Karura kwa mbio ndefu ya Jumamosi. Siku za katikati kimbia mtaani. Arboretum, ile bustani ya miti ya jijini, ni nzuri kwa zile fupi, ila ni ndogo, na mizunguko ya kilomita kumi mle ndani inachosha akili kabla ya miguu.

Nilipoanza nilikimbia peke yangu kandokando ya Thika Road kabla ya mapambazuko. Sikudhuriwa, lakini sitamshauri dada yeyote afanye hivyo. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima. Subiri mwanga, au tafuta wenzako. Vikundi viko. Urban Swaras wamekuwa wakikimbia Jumamosi asubuhi kwa miaka mingi, na karibu kila mtaa mkubwa una kundi lake la WhatsApp la wakimbiaji. Kundi lina faida na hasara. Linakutoa kitandani Jumamosi yenye ukungu, na linakulinda. Lakini pia linakuvuta ukimbie kwa kasi ya wengine, na hapo ndipo ugoko unapoanza. Mimi nimegawanya: siku fupi peke yangu, mtaani, mchana au jioni kukiwa na watu, siku ndefu na kundi, nikikaa nyuma na yeyote anayekwenda polepole kama mimi.

Siku yenyewe

Mbio za jijini zinakupa barabara iliyofungwa, vituo vya maji, gari la wagonjwa, muda wako ukipimwa, na maelfu ya watu. Usidharau nguvu ya hao watu. Kilomita ya 18 nilikuwa nimekwisha, na mama mmoja nisiyemjua aliyesimama kando ya barabara akaniambia, "Mwanangu, songa, umebakisha kidogo." Nilisonga. Lewa inakupa vituo na wahudumu pia, na watu wachache zaidi, kama elfu moja na mia kadhaa kwa jumla, waliotawanyika porini. Kuna dakika utakimbia ukisikia nyayo zako tu.

Ukijipangia mwenyewe, hayo yote ni yako. Lazima kuwe na mtu wa baiskeli aliyebeba maji, sanduku la huduma ya kwanza, gari langoni, na mtu mmoja asiyekimbia ambaye kazi yake ni kuwatazama wanaokimbia. Zungumza mapema na wasimamizi wa msitu kama mnakuja kundi. Nilifanya hivi mara moja na watu tisa, na ilikuwa asubuhi yangu niipendayo kuliko zote, wazazi wa watoto tuliowachangishia wametusubiri na uji wa wimbi na nduma. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshamaliza nusu marathoni mbili, nikijua mwili wangu unafanya nini baada ya kilomita ya 16. Anayekimbia kwa mara ya kwanza hajui, na mahali salama pa kulijua hilo ni penye wahudumu.

Kwa hiyo jirani yangu nilimwambia hivi. Lewa ya mwaka huu imeshapita, na hata isingepita, gharama ya safari ingefaa zaidi kuchangia kiti cha magurudumu cha kile kituo. Karura peke yake aiache hadi mara ya pili. Ajiandikishe mbio za Oktoba mapema, alipe ada kwa pesa yake mwenyewe na awaambie wachangiaji wazi kwamba ada si sehemu ya mchango. Kesho yake tulikwenda kituoni tukaulizia nambari ya Paybill, ipo. Ahadi ya kwanza ameipata kwa mwenye duka la chini, shilingi 20 kwa kilomita.

Jumamosi hii tunaanza na kilomita tano, lango la Limuru Road, saa kumi na mbili na nusu. Zile raba mpya nimemwambia azivae wiki nzima kwenda dukani na kurudi, zikubali miguu yake kwanza.